Njia ya misafara haikuwa ya pembe na minyororo tu, ilikuwa ya ugali

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Mimi sio mwandishi, ni dereva wa semi, huu mwaka wa 19 niko barabarani, Dar kwenda Kigoma na mara nyingine Dar kwenda Lubumbashi kwa kupitia Tunduma, na gazeti lenu nalisoma nikiwa nimepaki kwaiyo usishangae nikijibu kitu kilichotoka wiki 2 zilizopita. Kuna msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba reli mpya ya umeme ndo mara ya kwanza nchi ya kati inapata uchumi wa usafirishaji, eti zamani kulikuwa na njia ya watumwa tu, Mwarabu anapita na minyororo yake basi, hamna kingine. Nimeisoma nikiwa Manyoni nasubiri tanboi wangu amalize kubadili tairi, nikairudia tena, nikaona hapana, hii siwezi kuiacha ipite hivi hivi.

Utumwa ulikuwepo, hilo sibishi na nitalifikia. Ila ukisema ni huo tu unakuwa umewafuta watu wengi sana, na wengine ni wa kwetu kabisa, mimi ni Mnyamwezi wa Tabora na babu yake babu yangu alikuwa mpagazi. Nyumbani bibi alikuwa na kopo la kahawa, ndani kuna shanga nyekundu, ndogo kama punje za uwele, uzi wake ulishaoza zamani kwaiyo zilikuwa zinacheza tu ndani ya kopo ukilitikisa. Sisi watoto tukizishika tunachapwa. Bibi alikuwa anasema huo ni mshahara. Nilijua anatutania, nimekuja kuelewa ukubwani kwamba bibi wala hakuwa na utani, alikuwa anaita kitu kwa jina lake.

Njia ninayosema ni ile inayotoka Bagamoyo, inapanda Mamboya, Mpwapwa, inaingia Ugogo, Kilimatinde, inafika Tabora pale Kwihara, alafu inashuka Ujiji ziwani. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza kwenye orodha ya awali ya UNESCO na vituo hivyo hivyo 6, kwaiyo sitoi kichwani. Ni kilometa zaidi ya 1,000 na zote zinaliwa kwa miguu. Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza, walitoka pwani Juni 1857 wakafika Tabora Novemba. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuwa anamtafuta Livingstone, mwaka 1871 alikimbiza, akatumia kama miezi 3. Hapo ni Tabora tu, Ujiji bado. Na mzigo wote uko mabegani na kichwani maana punda na ng'ombe walikuwa wanaisha kwa mbung'o njiani, farasi ndo usiseme.

Sasa mimi nikapiga hesabu za kidereva. Semi yangu inabeba tani 30. Mpagazi alikuwa anabeba kama frasila 2, yaani kama kilo 32 hivi, hapo hujahesabu mkeka wake, sufuria yake na mkuki. Gawa tani 30 kwa kilo 32 unapata watu zaidi ya 900. Yaani safari yangu moja, mimi na tanboi, wakati ule ni watu 900 wamejipanga mstari! Alafu hao watu wanakula. Posho ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, ambacho kwa kilo za leo ni kama gramu 700. Zidisha, ni zaidi ya kilo 600 kwa siku, magunia 6 yanaisha kila jioni. Zidisha tena kwa siku 90 za kufika Tabora, unapata kama tani 57. Mhariri umeona hapo? Mzigo tani 30, chakula tani 57. Na chakula hicho huwezi kukibeba kutoka pwani maana wa kukibeba nao watataka kula, utaongeza watu mpaka uchoke, kwaiyo lazima kinunuliwe njiani, kijiji kwa kijiji, kwa mama anayetwanga mtama pale pale, kwa mzee mwenye mbuzi, kwa kijana mwenye asali.

Nilikuwa kwenye kebini saa 5 usiku na kalkuleta ya simu, nikajikuta nimesema ahaa kwa sauti mpaka tanboi akaamka. Pembe ya tembo ilikuwa inapita tu, inaenda zake. Kilichokuwa kinabaki nchini ni nguo, shanga na waya aliolipwa yule mama wa mtama, na miaka ya mwisho ya karne ya 19 wapagazi waliokuwa wanapita kila mwaka ni makumi ya maelfu, kwaiyo fikiria huo mtama ni kiasi gani.

Wala huhitaji kwenda makumbusho kuyaona haya, sikiliza midomo yetu tu. Wabunge wakigombania posho ya kikao, neno hilo lilitembea njia hiyo hiyo likiwa na maana ya kibaba cha mpagazi. Wenzetu Waganda wamelibakiza karibu zaidi na sufuria, ukiwa Kampala ukiagiza posho unaletewa ugali. Nyapara, yule wa gerezani na wa mashambani, ni mnyampara, mkubwa wa wapagazi kwa Kinyamwezi. Ukienda kununua kanga unaulizwa doti ngapi, na doti ndo ilikuwa kipimo cha nguo cha msafara, shuka 2 zinafanya doti 1, mahongo yanahesabiwa kwa doti, mishahara kwa doti. Na hilo neno hongo sasa! Leo ukilitamka watu wanaangalia nyuma. Wakati ule hongo ilikuwa ada ya halali ya mtemi, unapita kwenye nchi yake, unakunywa maji ya visima vyake, unalipa, ngoma inapigwa watu wajue mmeshamalizana, mnapita. Kuna siku nilisimamishwa kwenye kizuizi kimoja, sitakitaja, kijana akaniambia nitoe elfu 10 ya ushuru, nikamwomba risiti, akasema risiti zimeisha. Nikamwambia mdogo wangu, mtemi wa zamani alikuwa hana risiti lakini alikuwa na ngoma, wewe huna vyote viwili. Alicheka lakini elfu 10 aliichukua.

Watani zangu Wagogo lazima niwasifie hapa ingawa roho inaniuma. Kati ya Mpwapwa na kuingia Ugogo kuna kipande kilikuwa kinaitwa Marenga Mkali, maji yake machungu, msafara unakivuka mbio mbio ukiwa na kiu, ukitokea upande wa pili unakutana na Mgogo amekaa kwenye kisima chake ametulia. Ana maji, ana mtama, ana ng'ombe, wewe una kiu na watu 300 nyuma yako. Utalipa tu. Wazungu wengi waliopita pale wameandika malalamiko, Stanley alilia na watemi wa Ugogo akiwemo Magomba wa Kanyenye kana kwamba ameibiwa, mtu anahesabu doti moja moja kwenye daftari lake. Mimi nikisoma malalamiko yale nacheka, nasema hawa Wagogo walikuwa wanajua biashara, nchi yao kame, lakini iko katikati ya njia na ina visima. Utani wenyewe kati ya Wagogo na Wanyamwezi umekolea humo humo njiani, sisi tunapita tunasema wachoyo wa maji, wao wanasema mnanuka jasho la mzigo, mpaka leo tukikutana msibani tunatukanana hivyo hivyo na hakuna wa kukasirika.

Sasa usidhani njia hii iliundwa na watu wa pwani. Hapo ndo msomaji mwenzangu alipokosea zaidi. Uvinza kule, watafiti wa mambo ya kale walichimba wakakuta chumvi ilikuwa inapikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, maji ya chumvi yanachotwa kwenye chemchemi yanachemshwa kwenye vyungu mpaka yakauke, na chumvi hiyo ilikuwa inatembea, inaenda Buha, inaenda Burundi, inakuja kwetu Unyamwezi. Majembe ya chuma ya Wasumbwa yalikuwa yanatembea vilevile, jembe ndo mahari, jembe ndo akiba. Mnyamwezi alikuwa ameshazoea kubeba jembe kubadilishana na chumvi na mbuzi kabla hajaona pembe ya Mwarabu, na ni Wanyamwezi wenyewe waliotangulia kushuka pwani na pembe zao, Waarabu na Waswahili ndo wakaifuata njia hiyo hiyo kwenda juu. Ukitaka mfano mkubwa kuna Msiri, mtoto wa mfanyabiashara kutoka Usumbwa, alifuata shaba mpaka Katanga, akabaki huko, akawa mfalme Bunkeya mpaka wazungu walipomuua mwaka 1891. Mimi nikipakia shaba kule Kongo nikiambiwa na vijana wa pale kwamba Watanzania mmekuja juzi tu kufuata shaba yetu huwa namtaja Msiri, wananyamaza kidogo. Alafu tunaendelea kuongea Kiswahili, ambacho nacho kilifika kule Maniema, Kasongo na Nyangwe, mgongoni mwa misafara pamoja na mbegu za mpunga.

Ila kilichoivimbisha njia mpaka ikawa barabara kuu ni bei, hilo nikubali. Ulaya na Marekani watu wa tabaka la kati walianza kupata hela wakataka piano sebuleni, wakataka mipira ya biliadi, vitana, vipini vya visu, na pembe ya huku kwetu ni laini inachongeka vizuri. Bei ya pembe Zanzibar ikawa inapanda karne nzima. Wakati huo huo viwanda vya nguo vinazidi kutoa nguo rahisi. Marekani walisaini mkataba na Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, mwaka 1833, meli za Salem, bandari ya kwao Marekani, zikawa zinashusha kile kitambaa kizito cha pamba, watu wakakiita merikani na jina likaganda hata vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 mpaka 1865 ilipokausha mzigo wao na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi. Kwaiyo pembe inapanda, nguo inashuka, ukiwa na pembe moja mwaka huu unapata nguo nyingi kuliko alizopata baba yako. Nani ataacha kutembea? Tembo wakiisha hapa unasogea mbele, wakaisha Unyamwezi, watu wakavuka ziwa, wakaingia Maniema, kila mwaka njia inarefuka, na kila ikirefuka chakula cha njiani kinazidi kuhitajika, rudi kwenye hesabu yangu ya vibaba.

Na faida kubwa ilienda wapi? Hapo sasa tusidanganyane. Mwenye msafara mwenyewe mara nyingi alikuwa na deni. Alichukua nguo na shanga kwa mkopo kwa wafanyabiashara wa Kihindi Zanzibar, anaandikiwa kwamba baada ya miaka 2 au 3 atalipa kwa pembe kwa bei ambayo sio yake. Hata Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, na ukubwa wake wote, alikuwa anachukua mali kwa Taria Topan. Forodha ya Sultani nayo ilikuwa imekodishwa, miaka mingi ilikuwa mikononi mwa Jairam Shivji. Alafu pembe ikipanda meli inaenda mpaka jimbo la Connecticut kule Marekani, kuna kijiji kinaitwa Ivoryton, Mji wa Pembe, jina lake liko hivyo mpaka leo, huko ndo ilikuwa inakatwa vipande vya kinanda. Babu yangu na shanga zake koponi, mtu wa Connecticut na kiwanda chake. Mimi nabeba shaba ya Kongo mpaka bandarini na sijui inakuwa simu ya nani, kwaiyo namwelewa sana huyo babu.

Nilisema nitaufikia utumwa. Watumwa wengi zaidi waliouzwa Zanzibar walitokea njia ya kusini, ya Kilwa na ziwa Nyasa, lakini njia ya kati nayo iliwabeba, hasa kutoka Maniema, na wengine hawakufika hata pwani, walibaki Tabora na Ujiji wanalima mashamba ya mabwana, mpunga ule mzuri uliosifiwa ulikuwa na jasho lao. Ukisikia kwamba Unyamwezi vijana wanaondoka kiangazi kubeba mizigo na shamba haliporomoki, ujue sehemu ya jibu ni wanawake na watumwa waliobaki nyumbani na jembe. Sultani Barghash alisaini kufunga soko la Zanzibar mwaka 1873, njiani ilichukua miaka mingine mingi. Hilo siwezi kulipaka rangi. Nachokataa ni ile picha kwamba kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa amefungwa shingo. Wapagazi wa Kinyamwezi wengi walikuwa ni watu huru, wanapatana mshahara, posho ikikatwa wanagoma, wanaweka mizigo chini katikati ya pori hata mzungu apige kelele vipi, na wengine wanatoroka na nguo za mwenye msafara usiku. Mimi dereva nikisoma hayo nawajua hao watu, tungeelewana. Na hata jina la Bagamoyo ambalo tunafundishwa kwamba ni mtumwa anabwaga moyo wake akijua harudi tena, kuna maelezo mengine kwamba ni mpagazi aliyefika mwisho wa safari anatua mzigo anabwaga moyo anapumzika. Mimi kwa vile najua hisia ya kuzima injini baada ya siku 3 unaweza kukisia nimechagua lipi.

Kuna na hasara nyingine ambazo hatuzitaji. Merikani iliua ufumaji wetu, Ufipa na Unyamwezi watu walikuwa wanalima pamba na kufuma nguo nzito zao wenyewe, zikashindwa bei, kama mitumba ilivyomfanyia fundi cherehani wa mtaani kwangu. Bunduki ziliingia kwa wingi na vita vikawa biashara. Mtemi Mirambo wa Urambo alijua kabisa thamani ya barabara, mwaka 1871 alipogombana na Waarabu wa Tabora akafunga njia ya Ujiji, Stanley akalazimika kuzunguka kusini kote ndo amfikie Livingstone. Magonjwa nayo yalipanda msafara bila kulipa hongo, kipindupindu, ndui, na funza wa miguuni wale walitoka upande wa Angola wakavuka bara zima kwa kama miaka 20 tu wakafika huku miaka ya 1890. Tembo ndo hao waliisha.

Na Wajerumani walivyokuja walijua hela iko wapi, kampuni yao ilipochukua forodha za pwani mwaka 1888 ndo vita ya Abushiri ikalipuka, watu wa pwani wanapigania heshima yao na wanapigania pia mlango wa njia.

Kilichonifanya nikae niandike barua ndefu hivi lakini ni kilichofuata. Mwaka 1891 makao makuu yakahamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar. Mwaka 1905 reli ikaanza kujengwa kutokea Dar, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Angalia ilivyofanya. Bagamoyo ilikuwa ndo geti la nchi yote, ikabaki na milango mizuri ya kuchonga na popo. Ujiji ilikuwa soko la ziwa zima, reli ikaishia Kigoma kilometa chache tu pembeni, Ujiji ikawa kitongoji chenye miembe na mnara. Mpwapwa reli iliipita pembeni. Kilimatinde vilevile, ikawa kule juu mlimani na reli iko chini. Hakuna aliyewachukia watu wa Kilimatinde, mhandisi alikuwa anatafuta mteremko mzuri tu. Na wapagazi makumi ya maelfu mshahara wao ukafa ndani ya miaka michache, hao hao ndo ukawakuta baadae manamba kwenye mkonge Tanga.

Lakini reli ile ya zamani angalau ilikuwa inasimama. Mtu yeyote aliyepanda treni ya Kigoma anaijua Saranda na kuku wake, gari linasimama, dirisha linashushwa, mikono inaingia na kuku, karanga, mayai, asali ya chupa ya soda. Ule ulikuwa ni ule ule mtama wa Ugogo umebadilika tu ukawa kuku. Na sisi wa malori tunaendeleza kidogo. Pale ninapopaki Manyoni kuna mama mmoja ana banda la mabati, meza 2, jiko la mkaa, saa 10 alfajiri keshawasha. Wali anaupima kwa bakuli la plastiki la bluu, anausawazisha juu kwa kisu, usipomwangalia anauzidisha kwa mkono. Usiku wa malori mengi anatoa bakuli 80, kuna kijana analeta maji kwa baiskeli, kuna bibi analeta mchicha, kuna fundi wa pancha anakula kwa mkopo. Nilimuuliza unga na mchele unatoa wapi, akasema unga wa hapa hapa, mchele wa Tabora. Nikamwonyesha hesabu yangu ya vibaba kwenye simu, akaiangalia akasema kumbe hao 900 wangepaki kwangu siku moja tu ningejenga.

Sasa reli mpya. Siipingi, nimeshaipanda, Dar Dodoma masaa machache, imeanza 2024 na ikifika Tabora, Mwanza na Kigoma kama ilivyopangwa itakuwa jambo kubwa, mzigo utashuka bei na mimi labda nitatafuta kazi nyingine. Lakini nimeangalia dirisha lake, halifunguki. Inakimbia mpaka kilometa 160 kwa saa, vituo ni vichache, vingine vimewekwa mbali na mji, kuna uzio, ukishuka hukutani na mama wa wali unakutana na geti. Umeme wake haununuliwi kwa mama wa mtama. Kwaiyo tani zitapita nyingi kuliko wakati wowote na vibaba vitakavyobaki njiani vitakuwa vichache kuliko wakati wowote, na hapo ndo nilitaka msomaji mwenzangu aangalie kabla ya kusema kwamba uchumi ndo unaanza leo.

Ombi langu ni dogo. Wanaopanga vituo vya huko mbele, Manyoni, Itigi, Tabora, Uvinza, waache eneo la mama lishe ndani ya uzio, lenye maji na choo, na chakula kinachouzwa humo ndani ya mabehewa kinunuliwe huko huko njiani, sio kipakiwe chote Dar kwenye boksi. Mchele wa Tabora upo, asali ipo, kuku wa Saranda wapo. Chumvi ya Uvinza ipo. Na wale wanaotunza zile nyumba za kumbukumbu za njia hii, mbali na minyororo na picha za Livingstone, waweke na kibaba, doti ya merikani na zile shanga, waandike mshahara ulikuwa kiasi gani na nani alipika. Za bibi nitazitoa mimi, nimeshaongea na shangazi anayelitunza lile kopo, amekubali nusu.

Naondoka kesho saa 11 alfajiri na mzigo wa saruji kwenda Kigoma. Barua hii ikitoka naomba mwanangu wa Tabora aninunulie nakala 2, moja yangu, nyingine nitampelekea yule mama pale Manyoni, maana alisema hasadiki kwamba kuna gazeti litaandika habari za wali.

Wako,
Dereva wa masafa marefu,
Tabora